Fedha ya Ziada, Gari la Mbio na Haki ya Barabara

KWA muda mrefu tumelinyamazia jambo ambalo kila mkazi wa Gongo la Mboto analisikia kwa masikio yake mwenyewe, hata aliyefunga madirisha. Inapofika saa tano usiku, Isha imekwisha kusaliwa na watoto wamelala, huanza mngurumo kutoka upande wa Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu hadi leo huiita Barabara ya Pugu. Magari mawili au matatu hujipanga sambamba, hutulia kidogo, kisha huchomoka kwa pamoja kuelekea Pugu au kuelekea Uwanja wa Ndege. Nyuma yake hubaki milio ya ekzosi inayopasuka kama risasi, mmoja baada ya mwingine, na harufu ya petroli isiyoungua.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo, kwamba vijana ni vijana, na kwamba mji mkubwa hauna usiku. Tunawaomba hao wakumbuke usiku wa Februari 16, 2011. Usiku ule mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka hapa hapa kwetu. Watu walikufa, nyumba zikaharibiwa, watoto wakapotezana na wazazi wao gizani, na maelfu wakakimbia kwa miguu wasijue waendako, wengi wao wakaishia Uwanja wa Uhuru. Ilikuwa haijapita hata miaka miwili tangu yale ya Mbagala ya Aprili 29, 2009. Kwa mtu wa Masaki, mlio wa ekzosi iliyochokonolewa ni kero tu. Kwa mama wa Gongo la Mboto aliyemtafuta mwanawe siku nzima baada ya usiku ule, mlio huo ni kitu kingine kabisa. Tunawajua kina mama ambao mpaka leo hushtuka na kukaa kitandani, wakahesabu watoto kabla ya kulala tena. Je, kijana anayelipa fedha yake nzuri ili gari lake litoe mlio wa bomu amewahi kufikiri analipia nini?

Lakini hatukukusudia kuandika makala ya kulalamikia kelele. Tumesukumwa na swali. Hivi karibuni kijana mmoja wa hapa mtaani, mfanyabiashara wa spea, mtu wa safu ya mbele katika swala ya alfajiri, alitufuata baada ya Isha. Kikoba chao kilikuwa kimevunjwa na kila mwanachama amepewa fungu lake. Yeye alibakiwa na shilingi milioni nne baada ya kulipa ada za wadogo zake na kodi ya fremu. Alisema kwa unyenyekevu: “Masheikh zangu, mimi sinywi, sivuti, sibeti mpira. Starehe yangu moja tu ni gari. Nataka siku moja niingie mashindano yenye kibali, lakini kwa sasa nafanya mazoezi usiku pale barabarani. Hii fedha niiweke wapi? Nibadilishe ekzosi na ringi, niongeze nguvu ya injini, au nifanye nini?”

Waliokuwapo walijibu haraka, na kwa hakika walijibu vibaya. Mmoja alisema mchezo huo ni wa makafiri na kwamba fedha yote ipelekwe madrasa. Mwingine, kijana mwenzake, akacheka na kumwambia aongeze injini kwanza, mengine yatafuata. Kijana yule aliondoka na jibu la pili, kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa limemfukuza. Tunasema wazi kwamba majibu yote mawili yanaua, na makala haya ni ya kuyapinga yote mawili.

Tuanze na la kwanza, kwa kuwa ndilo linalotoka vinywani mwetu sisi watu wazima. Nani aliyesema kuwa mbio ni haramu? Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Mtume (S.A.W) alishindanisha farasi pale Madina, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Wengi wetu tumelisikia hilo na tukaliacha hapo. Laiti tungesoma mpaka mwisho. Mashindano yale yalikuwa ya namna mbili. Farasi waliokuwa wamezoezwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio walitoka al-Hafya wakaishia Thaniyyatul Wadaa, umbali ambao wapokezi waliukadiria kuwa maili tano au sita. Farasi ambao hawakuwa wamezoezwa walitoka Thaniyyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq, maili moja tu.

Ndugu msomaji, itazame picha hiyo kwa makini. Mahali pa kuanzia panajulikana na mahali pa kumalizia panajulikana. Mbio hazikupitishwa katikati ya soko wala penye watoto. Na mnyama asiyeandaliwa hakupewa njia ndefu kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na hamu. Kila mmoja alipewa umbali unaolingana na matayarisho yake. Basi yule anayechukua gari lililotengenezwa kwa ajili ya kupeleka watoto shule, akalitia mzigo wa mbio ndefu katika barabara ya watu, anamfuata nani? Na yule mzee anayesema mbio zote ni haramu, naye anamfuata nani?

Wala si kweli kwamba mchezo huu ni wa watu wa mbali usiotuhusu. Mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, kwa kisingizio cha kutawazwa kwa malkia wa Waingereza. Jina lake la mwanzo lilitokana na kutawazwa huko, na baadaye yakajulikana duniani kote kama Safari Rally. Asili yake ni ya kikoloni, hatulifichi hilo. Lakini kuna jambo moja katika mashindano yale ya kwanza ambalo tungependa kila kijana mwenye fungu la kikoba mfukoni alijue. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na hayakupangwa katika makundi kwa ukubwa wa injini bali kwa bei yake ya dukani. Gari la mnyonge lilishindana na gari la mnyonge. Waliopanga walielewa kuwa ukiachia fedha iamue, hutajua kamwe nani dereva.

Mwaka 1965 aliyeshinda ni Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ya mtumba, lililokwisha kutumiwa na wengine kabla yao. Timu za viwanda zilikuja na magari mapya na mafundi wa kutosha, na wakashindwa na fundi wa Kericho aliyejua kila nati ya gari lake kuukuu. Singh akashinda tena 1974 na 1976. Na kabla hatujasahau la nyumbani, miaka ya 1966 na 1967 mshindi alitokea huku kwetu Tanzania: Bert Shankland, Mskoti aliyeishi hapa, akiendesha Peugeot 404 pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. Wazee wanaikumbuka Peugeot 404. Lilikuwa gari la kazi, la familia na la teksi. Mwaka 1963, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 hiyo hiyo. Mwaka 1968 yalifika saba tena, na la kwanza likawa 404 tena, mikononi mwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mashindano hayo yalitolewa katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudishwa 2021 yakiwa na makao yake Naivasha, na leo magari yake ni ya viwanda, ya bei ambayo hatuhitaji kuitaja msikitini.

Wapo pia ndugu zetu wa Ghuba. Nasser Al-Attiyah wa Qatar alishinda mbio za Dakar kwa mara ya kwanza 2011, na mwaka uliofuata akapata medali ya shaba ya kulenga shabaha katika Olimpiki ya London. Mtu mmoja, mbio na shabaha kwa pamoja! Mbio hizo za Dakar zenyewe zimekuwa zikifanyika Saudi Arabia tangu 2020. Hatuyataji haya ili kuyapamba. Matajiri wa Ghuba wana hesabu yao mbele ya Allah, nasi tunayo yetu. Tunayataja ili yule mzee anayesema “mchezo wa makafiri” atafute hoja nyingine.

Na hoja nyingine ipo, tena nzito: israfu. Hapa ndipo tunapotaka kukaa.

Fedha ya ziada ni ipi? Kijana wetu alidhani ni ile inayobaki mkononi baada ya ada na kodi. Tulipomwuliza zaidi ikadhihirika kuwa anadaiwa na mwenye duka la jumla Gerezani, deni la miezi minne. Basi hiyo si ziada bali ni fedha ya mtu mwingine iliyolala katika mfuko wake. Likitoka deni, itazamwe zaka: kama akiba yake imefikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, asilimia mbili na nusu si yake. Gari analoendesha mwenyewe halina zaka, lakini spea zilizo dukani kwake ni bidhaa na zinahesabiwa. Wengi hulisahau hilo, na wafanyabiashara wa spea hulisahau kwa hiari. Mzazi wake yupo kijijini Rufiji. Aangaliwe. Baada ya hayo, kijana alibaki na nusu ya alichokuja nacho. Hakufurahi. Lakini hakubisha.

Sasa hiyo nusu ni yake, na hapa tunatofautiana na ndugu zetu wanaotaka kila senti ya halali ipite kwenye sanduku la madrasa. Mtu aliyelipa deni, akatoa zaka na akamtazama mama yake ana haki ya kustarehe kwa kilicho halali. Tena tuseme lisilosemwa. Sisi wenye ndevu za mvi, tunaomkemea kijana kwa tairi nne, ndio tunaochangisha mamilioni kwa harusi ya siku moja, ukumbi, mapambo, sare za kamati na msafara wa magari wenye matarumbeta. Harusi hiyo ikimalizika saa sita usiku, bwana harusi anaanza ndoa na madeni. Nani kati ya hawa wawili ana israfu? Na ni katika misafara hiyo hiyo ya harusi kwamba tumeona, kwa macho yetu, madereva wakikimbizana, mpiga video akining’inia nusu mwili nje ya dirisha, na watoto wamejazwa kwenye buti lililoachwa wazi. Hakuna aliyesimama katika khutba akalikemea. Bwana harusi alikuwa mtoto wa mtu mwenye uwezo.

Kwa hiyo swali la kijana lilikuwa swali zuri na lilistahili jibu la kitaalamu. Tukawauliza mafundi wa hapa Gongo la Mboto, watu wa kuaminika, na yule mwalimu wa udereva anayesali nasi. Tunayaandika waliyotuambia pamoja na tuliyoyajua, kwa manufaa ya kila aliye na gari, hata asiye na nia ya kushindana na yeyote.

La kwanza walilosema ni kwamba gari halishikwi barabarani na injini. Linashikwa na sehemu nne za mpira, kila moja yenye ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini, usukani wote na breki zote hupitia katika viganja hivyo vinne. Kijana huyu alitaka ringi kubwa zing’aazo, lakini tairi zake zilikuwa za mtumba, mbili za nyuma zikikaribia kipara. Tulipozitazama pamoja, tulimwonyesha tarakimu nne zilizopigwa chapa ubavuni mwa tairi. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yeye anauza spea na hakuwa akilijua hilo! Moja ya tairi zake lilitengenezwa kabla hajaanza sekondari. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Huwa mgumu, hupata nyufa, na kwenye mwendo mkali hupasuka. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa mzee.

La pili ni breki, na hapa fundi mmoja alikasirika hasa. Alisema vijana humletea gari aliongeze nguvu, lakini ukifungua kikombe cha mafuta ya breki unakuta mafuta meusi kama kahawa. Breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto. Mafuta ya breki yakiwa mapya, ya daraja la DOT 4, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 230. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam tunaijua. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 155. Mtu akibana breki mara kadhaa mfululizo kutoka mwendo mkubwa, mafuta huchemka, mvuke hujaa katika mirija, na kanyagio huzama mpaka sakafuni bila kufanya lolote. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ya fedha ndogo kabisa katika orodha yote ya kijana yule. Haikuwamo katika orodha.

Hesabu yake si ngumu. Nguvu iliyomo katika gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, breki zina kazi mara nne. Gari lenye tairi nzuri kwenye lami kavu, likiwa katika kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria penye makazi ya watu, litahitaji takriban mita 26 kusimama: mita 14 zinapita dereva akiwa bado anashtuka, na mita 12 za breki. Katika kilomita 100 kwa saa zitapita mita 28 za kushtuka na 48 za breki, jumla 76. Toka mlangoni mwa msikiti wako uhesabu hatua kubwa 76. Sasa fikiria mama wa vitumbua anayevuka na beseni lake kabla ya alfajiri, akiwa katika hatua ya hamsini.

La tatu ni mwalimu. Hapa kijana aliguna, kwani hakuna anayeamini kuwa hajui kuendesha. Mwalimu wetu alimpeleka siku ya Jumapili mahali patupu, kwa ruhusa ya mwenye eneo, akamwekea madumu ya maji kama alama, akamwambia asimame penye dumu la mwisho kutoka kilomita 60. Mara tatu alipita na dumu. Alikuwa anaanza breki taratibu na kumalizia kwa nguvu, kinyume cha inavyotakiwa, na macho yake yalitazama boneti badala ya kule anakokwenda. Baada ya saa mbili alisimama penye dumu. Gari lilikuwa lile lile na tairi zilikuwa zile zile kipara. Kilichobadilika kiligharimu chai, petroli kidogo na kuwa tayari kuambiwa. Hivyo ndivyo fundi wa Kericho alivyowashinda wenye viwanda.

La nne ni mwili wa dereva. Kijana alikuwa na kofia ngumu ya bodaboda na akadhani imetosha. Kofia ya mashindano ya magari hujaribiwa kwa moto pia, kwa sababu gari huweza kuwaka dereva akiwa ndani yake. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Pete Snell, alikufa katika mashindano ya magari baada ya kofia aliyovaa kushindwa kumlinda, na rafiki zake wakaanzisha taasisi ya kupima kofia ambayo mpaka leo inabeba jina lake. Watu hawa si Waislamu, lakini msiba mmoja uliwatosha kuchukua hatua. Sisi tumezika wangapi tukasema “kazi ya Mungu” na kurudi nyumbani?

Injini ilikuwa ya mwisho katika orodha ya mafundi, na ekzosi haikuwamo kabisa. Ekzosi ya mlio haimfundishi mtu kusimama. Ringi haziongezi mshiko, na ringi za bei nafuu huvunjika. Vitu hivi viwili hununuliwa kwa ajili ya watu wa pembeni ya barabara, na fedha inayotumiwa ili watu waseme ina jina lake katika dini yetu. Jina hilo ni riya, na halihitaji tafsiri.

Tuje sasa katika jibu la pili, la yule kijana aliyecheka. Tungependa azungumze nasi uso kwa uso badala ya kuzungumzia nyuma ya usukani. Anasema barabara usiku ni tupu. Tangu lini Barabara ya Nyerere ikawa tupu? Wapo wauza samaki wanaowahi feri saa tisa usiku, walinzi wanaorudi zamu, wajenzi, wanaotoka hospitali. Kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 2023, watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hakuna ugonjwa uliozishinda katika umri huo. Dini iliyohesabu kuondoa mwiba njiani kuwa ni jambo la imani, leo mfuasi wake anakuwa ndiye mwiba?

Anasema pia ana bima. Tunamwomba aende nyumbani akausome mkataba wake, sehemu ile ya maandishi madogo. Mikataba mingi ya bima ya magari huondoa waziwazi mashindano ya mwendo. Siku atakapomgonga mtu akiwa katika mbio zake za usiku, atakuwa peke yake na familia ya marehemu, na familia hiyo itakuja hapa msikitini kwetu kuuliza. Ilikwisha kuja. Mwaka jana mjane mmoja alikaa varandani kwetu, mumewe ameuawa na gari ambalo halikusimama, ana watoto watatu. Tulichanga kwa jioni tatu, tukapata kiasi ambacho hakikufikia bei ya ringi nne. Tulijua bei hiyo kwa kuwa kijana mmoja aliyekuwa katika safu ya pili alikuwa amezifunga wiki ile ile. Hatumtuhumu kwa lolote. Tulimtazama tu, naye alitutazama, na sote tukaona haya.

Anayetaka mbio na azifuate mahali pake. Mashindano ya magari yenye kibali yapo nchini, barabara hufungwa kwa muda, gari hukaguliwa kabla halijaruhusiwa kuanza, daktari na gari la wagonjwa husubiri. Ukaguzi huo huanza na vitu vile vile ambavyo mafundi wetu walivitaja: tairi, breki, mikanda, kofia. Kwa hiyo kijana anayeweka fedha yake katika ekzosi hajaisogelea hata hatua moja ndoto yake ya kushindana. Fedha hiyo inamsogeza kwenye kituo cha polisi, au kule Kinondoni makaburini.

Na sisi viongozi wa misikiti tusijifiche nyuma ya lawama kwa vijana. Tumewapa nini? Kijana mwenye gari akija kutuuliza, tunamwambia haramu na kufunga daftari. Baina ya Maghrib na Isha tuna darsa za udhu na mirathi, na hilo ni jema, lakini hatuna hata jioni moja kwa mwaka ya kumwita askari wa usalama barabarani na fundi wa breki wakazungumza na waumini, ilhali nusu ya vijana wetu ni madereva wa bodaboda, bajaji na daladala. Hili halihitaji mfadhili kutoka nje. Linahitaji spika moja na mkeka.

Kijana wetu amelipa deni la Gerezani. Amenunua tairi nne mpya, za ukubwa wa kawaida, baada ya kusoma tarakimu za kila moja mbele ya muuzaji mpaka muuzaji akachoka. Mafuta ya breki yamebadilishwa, pamoja na pedi za mbele na shokapu moja iliyokuwa ikivuja. Kilichobaki hakitoshi kofia, anasema atangoja kikoba kijacho. Ekzosi alikuwa amekwisha kuilipia arubuni siku ile ile alipotoka kwetu na jibu baya, na mwenye duka amekataa kurudisha, kwa hiyo ameibandika tangazo katika duka lake mwenyewe. Tumemwambia hatuna fatwa ya kumkataza kuiuza, ila amwulize mnunuzi anakaa wapi. Alicheka, kisha akatuuliza kama tuna hakika kuwa huo ulikuwa mzaha. Tulimjibu kuwa hatuna hakika.

Kamati ya msikiti imekubaliana kuanza na misafara ya harusi, kwa kuwa hiyo iko mikononi mwetu. Kuanzia mwezi ujao, ndoa itakayofungwa hapa, madereva wote wa msafara wataitwa varandani kabla ya kuondoka, watatajwa kwa majina mbele ya walii wa bibi harusi, na buti zote zitafungwa kwanza.